Umesahau miaka mirefu: savanti, usonji na hadithi tunazowatungia

Mwishoni mwa miaka ya 1780, wageni kutoka Philadelphia walikwenda Virginia kumjaribu mzee mmoja mtumwa aliyeitwa Thomas Fuller. Alizaliwa Afrika, akafikishwa Marekani mwaka 1724 akiwa na miaka 14, na hakujua kusoma wala kuandika. Wakamuuliza: mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12, ameishi sekunde ngapi? Ikapita kama dakika moja na nusu. Fuller akajibu: 2,210,500,800. Mmoja wa wageni alikuwa akikokotoa kwa kalamu, akamwambia amezidisha, jibu halifiki huko. Fuller akamkatiza: bwana, umesahau miaka mirefu.

Na kweli alikuwa ameisahau. Miaka 70 ni siku 25,550. Ongeza siku 17 za miaka mirefu, ile yenye siku 366, ongeza zile 17 za swali, na nusu siku ya zile saa 12. Zidisha zote kwa sekunde 86,400 za siku moja, utafika pale pale alipofika mzee.

Daktari Benjamin Rush aliyaandika hayo, na wapinga utumwa wakayatumia kuonyesha kwamba akili haina rangi. Siku hizi jina la Fuller halikosekani katika maandishi kuhusu savanti, yaani watu wenye ulemavu wa akili au wa ubongo lakini wenye uwezo wa ajabu katika jambo moja, na wapo wanaomhesabu miongoni mwa watu wenye usonji (autism). Ushahidi wa hilo la pili haupo. Kinachojulikana ni kwamba alianza kwa kuhesabu moja hadi kumi, kisha hadi mia, kisha akawa anahesabu chochote kilicho mbele yake. Siku moja alihesabu nywele za mkia wa ng'ombe akapata 2,872. Mtu wa namna hiyo amefanya mazoezi maisha yake yote, ila hakuna aliyekaa kumtazama akiyafanya.

Nimeanza na Fuller kwa makusudi. Katika mada hii tumezoea kufunga mambo matatu katika fundo moja: usonji, usavanti, na umahiri unaotokana na kurudiarudia. Mara nyingine matatu hayo hukutana kwa mtu mmoja. Mara nyingi hayakutani.

Neno savanti limetoka Kifaransa, kwa maana ya mjuzi. Aliyeliingiza katika tiba ni daktari Mwingereza John Langdon Down, ambaye jina lake limebaki katika hali tunayoiita Down syndrome. Mwaka 1887, akihutubia madaktari wenzake London, alisimulia habari za watu kama kumi aliokutana nao katika kazi yake ya miaka 30. Walikuwa na ulemavu wa akili, lakini kila mmoja alikuwa na uwezo wa ajabu katika jambo moja. Akawapa jina lililounganisha mjuzi na punguani. Nusu ya pili ya jina hilo imeachwa, na hakuna wa kuililia.

Kisa kimoja cha Down hakinitoki kichwani. Kijana mmoja alisoma kitabu kikubwa cha Edward Gibbon kuhusu kuanguka kwa dola ya Roma, akakishika moyoni. Alipokuwa akikisoma, kwenye ukurasa wa tatu aliruka mstari mmoja, akagundua, akarudi nyuma kuusoma. Tangu siku hiyo, kila alipokariri, akifika ukurasa wa tatu aliuruka mstari ule ule, akasita, akarudi, akausahihisha, kana kwamba Gibbon mwenyewe ndivyo alivyoandika. Kumbukumbu yake ilihifadhi maneno, na pamoja nayo ikahifadhi tukio zima la kusoma, kosa likiwemo.

Down alizungumza zaidi ya nusu karne kabla usonji haujaelezwa kama tunavyoujua. Daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 nchini Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akafuata mwaka 1944 kutoka Vienna. Kwa hiyo usavanti ni wa zamani kuliko usonji katika vitabu vya tiba, nao haujawahi kuwa mali ya usonji peke yake. Darold Treffert, daktari wa akili wa Wisconsin aliyewafuatilia savanti kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 2020, alikuwa akisema kwamba takribani nusu yao ndio wenye usonji. Wengine wana ulemavu mwingine wa ubongo, au waliumia kichwa.

Ukiigeuza hesabu hiyo, swali linakuwa lile linalowachosha wazazi: mtoto wako ana usonji, je, kipaji chake ni kipi? Wengi hawana kipaji cha aina hiyo. Bernard Rimland alikusanya taarifa za wazazi wa watoto 5,400 wenye usonji, na mwaka 1978 akaripoti kwamba 531 walitajwa kuwa na uwezo usio wa kawaida, yaani karibu mmoja kati ya kumi. Mwaka 2009 Patricia Howlin na wenzake huko London walichunguza watu 137 wakapata zaidi ya robo. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na mahali unapoweka alama: ukimhesabu kila anayekariri ratiba za treni, idadi inapanda, ukitaka wale ambao uwezo wao ungemshangaza mtu hata kama wasingekuwa na ulemavu wowote, Treffert aliamini walio hai duniani kote hawafiki mia moja.

Aliyefunga fundo hili kwa nguvu zaidi ni filamu moja. Rain Man ilitoka mwaka 1988, ikazoa tuzo nne za Oscar, na kwa watu wengi duniani ndiyo iliyokuwa somo la kwanza kuhusu usonji. Dustin Hoffman anamwigiza Raymond, ambaye anatazama vijiti vya meno vilivyomwagika sakafuni na kusema idadi yake papo hapo. Mwandishi Barry Morrow alipata wazo hilo baada ya kukutana mwaka 1984 na Kim Peek wa Salt Lake City, mtu aliyeshika moyoni maelfu ya vitabu na aliyesoma kurasa mbili kwa pamoja, jicho hili kushoto na jicho lile kulia. Peek hakuwa na usonji. Alizaliwa bila koposi kalosamu, lile daraja la nyuzi za neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Alipenda sana kukutana na watu. Baba yake alimfungia vifungo vya shati hadi utu uzima, na wawili hao walizunguka Marekani wakiongea na wanafunzi, Peek akiwa ameshika sanamu ya Oscar ambayo Morrow alimpa. Kwa hiyo mtu aliyeifundisha dunia usonji hakuwa nao, na mhusika aliyetokana naye alipewa usonji kwa ajili ya hadithi.

Tuuangalie uwezo mmoja kwa karibu, ule wa kalenda, kwa sababu ndio unaoonekana mara nyingi kwa savanti na ndio unaoonekana wa kimiujiza zaidi. Unamtajia mtu tarehe, naye anakuambia ilikuwa siku gani ya juma.

Kalenda ina siri ambayo wengi wetu hatujawahi kuhangaika nayo: ni maskini wa mipangilio. Mwaka huanza katika siku moja kati ya saba, nao ni mrefu au si mrefu. Basi. Kuna kalenda 14 tu, zinazozunguka daima. Na katika kila miaka 400 kuna siku 146,097, ambazo ni majuma 20,871 kamili bila siku ya ziada, kwa hiyo mzunguko wote unaanza upya bila mkwaruzo. Mwanahisabati John Conway aliutumia umaskini huo kutunga njia ya mkato. Tarehe 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Desemba huangukia siku moja ya juma, mwaka wowote ule. Zipo nazo 9 Mei, 5 Septemba, 11 Julai na 7 Novemba. Ukiijua siku hiyo ya mwaka husika, umeshika mwaka mzima.

Jaribu tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ilipotua mwezini. Kwa miaka ya 1900 unaanzia Jumatano. Chukua 69, ongeza miaka mirefu 17 iliyomo ndani yake, unapata 86. Toa saba saba hadi zibaki 2. Jumatano na siku mbili ni Ijumaa. Basi 11 Julai 1969 ilikuwa Ijumaa, 18 Julai Ijumaa, na 20 Julai Jumapili. Nilipojaribu mara ya kwanza nilitumia karibu dakika nzima na vidole vyote. Conway aliipangia kompyuta yake imuulize tarehe za kubahatisha kila alipoiwasha, akafikia kujibu kwa sekunde chache tu.

Je, savanti hufanya hivyo hivyo? Si lazima wajue kanuni kwa maneno; ukiwauliza, wengi husema tu kwamba wanajua. Lakini Beate Hermelin na Neil O'Connor, waliowapima savanti wa kalenda huko London kuanzia miaka ya 1980, waligundua kwamba kadiri tarehe ilivyokuwa mbali na wakati uliopo, ndivyo jibu lilivyochelewa. Kama ingekuwa picha iliyohifadhiwa kichwani, umbali usingekuwa na maana. Kuchelewa huko ni alama ya kazi inayofanyika ndani. Mtu aliyekaa na kalenda miaka kumi kwa sababu anaipenda ameokota mipangilio yake kama mtoto anavyookota sarufi ya lugha ya mama bila kufundishwa ngeli hata moja.

Si kila kisa kinafunguka kirahisi hivyo. Daktari wa neva Oliver Sacks alichapisha mwaka 1985 kisa cha mapacha wenye usonji. Sanduku la viberiti lilianguka, wakasema kwa pamoja kwamba njiti ni 111, kisha wakanong'ona 37 mara tatu. Baadaye aliwakuta wakipeana namba tasa za tarakimu sita, mmoja akitaja, mwenzake akionja kama mtu anayekunywa kitu kizuri. Sacks akaenda na kitabu cha namba tasa, akajiunga na mchezo, nao wakamwacha nyuma wakafika tarakimu 20. Alisema hakuweza kuzihakiki kwa kuwa kitabu chake kiliishia kwenye namba za tarakimu kumi.

Hapo ndipo wenye kupenda hesabu hukunja uso. Namba tasa zenye tarakimu kumi peke yake zinapita milioni 404. Kitabu kinachoziorodhesha zote kingejaza maktaba. Wapo wanasaikolojia walioandika kukitilia shaka kisa chote, na mimi naungana nao kwa kiasi: naamini mapacha walikuwa na uhusiano wa ajabu na namba, ila kitabu hicho nakitilia shaka. Sacks alikuwa msimuliaji mzuri mno, na mada hii inawapenda wasimuliaji.

Basi ubongo unafanya nini? Maelezo yaliyosimama vizuri zaidi hayahusu nguvu ya ziada. Yanahusu mahali macho yanapotua. Uta Frith alipendekeza mwaka 1989 kwamba ubongo wa wengi wetu una haraka ya kukusanya vipande kuwa maana moja, ilhali ubongo wenye usonji hauna haraka hiyo, kwa hiyo vipande vinabaki vipande, vikiwa wazi. Laurent Mottron wa Montreal anaiona hiyo kama nguvu: kwake, utambuzi wa vitu vidogo katika usonji ni mkali zaidi kwa asili yake. Wewe ukiona nyumba, umeshaacha kuona madirisha. Mwingine anaona madirisha 22, na la saba limepinda kidogo.

Allan Snyder wa Sydney aliona kwamba, ikiwa ni hivyo, huenda sote tunavyo vipande hivyo na ubongo unavificha tu. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 12 wa kawaida. Waliwaonyesha nukta nyingi kwa kufumba na kufumbua, wakakadiria idadi. Kisha wakapitishiwa mapigo ya sumaku juu ya sehemu ya ubongo iliyo pembeni upande wa kushoto, karibu na panja, wakajaribu tena. Watu 10 walikadiria vizuri zaidi. Ni jaribio dogo, la kusisimua, na si la kumfanya mtu anunue kofia ya sumaku. Lakini linakaa vizuri pamoja na aliyoyaona Bruce Miller huko California katika miaka ya 1990: wagonjwa waliokuwa wakipoteza lugha kwa maradhi yanayokula sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, na ambao ghafla walianza kuchora, wengine kwa mara ya kwanza maishani.

Kutoka hapo ni hatua fupi kuingia katika wazo ambalo nadhani ndilo linalopotosha zaidi, la kwamba kipaji ni malipo. Umenyimwa hiki, umefidiwa kile. Msichana Nadia wa Uingereza, ambaye kisa chake kilichapishwa mwaka 1977, alionekana kulithibitisha. Akiwa na miaka mitatu na nusu, bila lugha ya maana, alichora farasi wanaokimbia kwa mtazamo ambao wachoraji waliosoma huuhangaikia. Alipoanza kuzungumza, michoro ikafifia. Watu wakasema: lugha imeila sanaa, na kuna waliouliza kama ilikuwa halali kumfundisha kusema.

Stephen Wiltshire, aliyezaliwa London mwaka 1974, ana usonji na hakuwa akisema alipokuwa mdogo. Neno lake la kwanza lilikuwa karatasi, na walimu walilipata kwa kumficha karatasi za kuchorea hadi aziombe. Lugha ikaja, sanaa ikabaki. Akaenda chuo cha sanaa. Mwaka 2005 alirushwa kwa helikopta juu ya Tokyo, kisha akauchora mji huo kwa kumbukumbu katika turubai ya mita kumi, kwa siku saba. Hakuna aliyekuja kumdai malipo. Alichokipata kwa kusema hakikukatwa kwenye kuchora.

Lakini wazo la malipo ni tamu mno kwa hadithi kuachwa. Bunilizi za kisayansi zimelitumia kwa miongo mingi, mara nyingine kwa uvivu. Katika filamu ya Kanada ya Cube, ya mwaka 1997, watu wamefungiwa katika vyumba vyenye namba za tarakimu tatu, na anayewaonyesha njia ni Kazan, mwenye usonji, kwa sababu eti hakuna binadamu wa kawaida awezaye kuzichambua namba hizo kichwani kupata vigawo vyake tasa. Chukua 567. Jumla ya tarakimu zake ni 18, kwa hiyo inagawanyika kwa 9. Unapata 63, yaani 9 mara 7. Umemaliza: ni 3 na 7 tu. Namba yoyote chini ya 1,000 inahitaji kujaribiwa kwa namba tasa 11 tu, kuanzia 2 hadi 31. Mwanafunzi wa sekondari mwenye subira angewatoa wote mle ndani, na Kazan angeruhusiwa kuwa mtu.

Zilizoandikwa kwa makini zaidi zinauliza swali jingine: kipaji hiki kitamilikiwa na nani? Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965, inawaza dunia iliyopiga marufuku kompyuta, ikawafunza watu waitwao mentati kuchukua nafasi yake. Ni watumishi wa mabwana, na huibwa na kurithiwa kama mali. Mwaka mmoja kabla, Philip K. Dick alikuwa ameandika Martian Time-Slip, ambamo mvulana mwenye usonji aitwaye Manfred anaona wakati ujao, na bosi wa chama cha wafanyakazi wa maji huko Mirihi anamtaka kwa sababu moja tu: kujua ardhi gani itapanda bei. Anachokiona Manfred mwenyewe ni uzee wake, akiwa ameunganishwa na mashine ndani ya jengo linalobomoka. Bosi hana haja na habari hiyo. Vernor Vinge alilisukuma mbali zaidi mwaka 1999 katika A Deepness in the Sky: watawala wanawaambukiza wataalamu virusi vinavyowafanya wasijali chochote isipokuwa kazi yao, kisha wanawatumia kama vipuri.

Msomaji anaweza kuona hilo la mwisho ni chumvi ya mtunzi. Lilishatokea katika jimbo la Georgia, Marekani, bila virusi. Thomas Wiggins, aliyejulikana kama Blind Tom, alizaliwa mwaka 1849 akiwa kipofu na mtumwa. Alisikia wimbo mara moja akaupiga kwenye piano. Mwaka 1860 alimpigia Rais James Buchanan katika Ikulu ya Marekani. Utumwa ulipofutwa, familia iliyokuwa ikimmiliki ilibaki kuwa mlezi wake kisheria kwa hoja kwamba hawezi kujisimamia; mahakama ziligombania ni nani ashike ulezi, na fedha za maonyesho zikaendelea kupita mikononi mwa wengine hadi karibu na kifo chake mwaka 1908.

Bunilizi ninayoiona kuwa ya kweli kuliko zote haina muujiza wowote. Elizabeth Moon, mama wa mtoto mwenye usonji, alitoa The Speed of Dark mwaka 2002, ikapata Nebula, tuzo ya bunilizi za kisayansi. Lou na wenzake wana usonji na wanafanya kazi katika kampuni ya dawa, wakitafuta mipangilio katika data ambayo wengine hawaioni. Kampuni imewapa chumba cha mazoezi chenye trampolini na muziki. Kichwa kikichoka, mtu anakwenda kurukaruka, kisha anarudi mezani. Anakuja meneja mpya, anatazama hesabu, na anaanza kuuliza kwa nini kampuni inalipia trampolini.